Maswali ya Wasomaji: Ahadi Naijua, Moyo Umepoa

Barua za safari hii, nyingi kutoka Moshi na Arusha, zimezunguka jambo moja: watu wanazijua ahadi za Mungu, wengine kwa kichwa kabisa, ila haziwashiki tena. Tumejibu zile zinazogusa wengi. Majina tumeyaacha.

Nimefunga, nimekesha, sioni kitu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Nimepoa. Zamani nikisoma Zaburi machozi yananitoka, sasa nafungua Biblia nasoma maneno tu. Nimefunga siku tatu, nikaenda mkesha, nikarudi vilevile. Naambiwa nikiri ushindi. Nakiri, lakini naona najidanganya. Je, Mungu ameniacha? Nianzie wapi?

JIBU: Amina, mama. Anzia kwenye mwili, maana hata Maandiko yanaanzia hapo. Elia alikuwa ametoka kuwashinda manabii 450 wa Baali, akapiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha likaja tishio moja la Yezebeli, akakimbilia Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja na kuomba afe (1 Wafalme 18 na 19). Tazama alichopewa kwanza. Hakuhubiriwa wala hakukemewa. Alilala, akaamshwa akapewa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akalala tena, akaamshwa mara ya pili: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu, baada ya siku arobaini za kutembea.

Kwa hiyo kabla hujafunga tena, hesabu saa zako za kulala. Mama anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri awahi mzigo sokoni Mbuyuni amelala saa nne tu. Mkesha ukiongezwa juu ya hapo unazaa hasira kwa watoto, hauzai uamsho. Wiki mbili zijazo usifunge, usikeshe, lala kwa muda wa saa saba, na usitoke nyumbani na chai tupu. Ukiona unaamka umechoka vilevile, unapata kizunguzungu, au hedhi inakuja nyingi, nenda ukapime wingi wa damu. Upungufu wa damu unaweza kumwondolea mtu hamu ya kila kitu, sala ikiwemo, na wengi wameukemea kwa maombi miezi na miezi kumbe walihitaji vidonge vya madini ya chuma.

Mwili ukishaangaliwa, pima dhamiri, lakini kwa dakika kumi tu. Jiulize kama kuna jambo mahususi, lenye jina na tarehe: deni ulilokana, mtu uliyemsengenya, kitu unachomficha mwenzako. Likiwepo, liungame na ulirekebishe. 1 Yohana 1:9 haiongezi sharti jingine. Usipopata kitu ila ile hisia ya jumla kwamba “huenda nimekosea mahali,” funga hesabu hiyo. Roho Mtakatifu akimgusa mtu humwonyesha kosa lenyewe, akajua la kutubu. Lawama isiyotaja kosa haina cha kutubiwa, na ukiifuata utachimba mpaka upate dhambi za kubuni.

Unabaki ukame wenyewe. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania aliyefungwa na watawa wenzake mjini Toledo miezi kama tisa mwaka 1577 hadi 1578, alitoa alama tatu za kuutambua. Ya kwanza, mtu hapati ladha katika mambo ya Mungu, na hapati ladha katika mambo mengine pia. Ya pili, anahangaika moyoni akiona kwamba hamtumikii Mungu ipasavyo. Ya tatu, hawezi tena kutafakari kwa njia aliyoizoea, hata akijitahidi. Zikikutana zote tatu, alisema, huko si kurudi nyuma. Alama ya pili ndiyo ya kuishikilia: aliyemwacha Mungu haandiki barua kuuliza kama ameachwa.

Sasa namna ya kuomba. Hili la kukiri ushindi wakati moyo unasema vingine halitoki kwenye Zaburi. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni malalamiko. Chukua ya 13, ina mistari sita tu. Mistari miwili ya kwanza inauliza “hata lini” mara nne: hata lini utanisahau, hata lini utanificha uso wako. Wa tatu na wa nne unaomba kitu kimoja wazi, uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Wa tano na wa sita unasema nimezitumainia fadhili zako. Fanya hivyohivyo asubuhi kwa dakika kumi, kwa sauti, kwa Kiswahili chako cha nyumbani au Kichaga. Dakika tatu mwambie Mungu kinachouma, ukitaja majina na kiasi cha pesa kama ni pesa. Dakika tatu omba jambo moja, lisizidi moja. Zinazobaki soma mistari ya mwisho polepole ukirudia, bila kusubiri kusisimka.

Mtu hukosea hapa kwa njia mbili. Akiruka malalamiko na kuingia moja kwa moja kwenye sifa, anapata hicho unachokiita kujidanganya. Akibaki kwenye malalamiko dakika zote kumi, anatoka mzito kuliko alivyoingia; ndiyo maana tumeweka muda. Siku ambayo sehemu ya mwisho haitoki kabisa mdomoni, soma Zaburi 88, inayoishia gizani bila neno la faraja na bado imo ndani ya Biblia kama sala halali. Inyasi wa Loyola, padre mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti aliyefariki mwaka 1556, aliongeza shauri dogo ambalo tunalipenda: wakati wa ukavu, kaa kwenye sala kidogo zaidi ya muda uliopanga, usipunguze. Ulipanga dakika kumi, kaa kumi na moja. Ile moja ya ziada inauzoesha moyo kwamba hisia sizo zinazopanga muda.

Nilikopa nikapanda mbegu

SWALI: Nauza nafaka Soko la Kilombero, Arusha. Mwaka jana kwenye semina niliambiwa Yeremia 29:11 ndilo neno langu la mwaka, nipande mbegu ahadi ifunguke. Nikachukua kausha damu, ule mkopo wa riba kali, laki tano, nikatoa. Mtaji umekatika na marejesho yananikimbiza. Naogopa hata kuhama kanisa lile nisije nikalaaniwa. Ahadi ya Mungu imeshindikana, au imani yangu ni ndogo?

JIBU: Pole, kaka. Hakuna kilichoshindikana, ila aya ulisomewa nusu.

Yeremia 29 ni barua. Iliandikwa Yerusalemu ikapelekwa Babeli kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Mstari wa 11 unasema mawazo ya Mungu kwao ni “mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Mstari wa 10, ambao hauchapwi kwenye kalenda, unataja muda: miaka sabini. Yaani wengi waliosomewa barua ile wakiwa watu wazima wangezikwa Babeli. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini.

Ukirudi sura ya 28 utamkuta Hanania. Huyu naye alikuwa na neno la ahadi, tena tamu kuliko la Yeremia: ndani ya miaka miwili Mungu atavunja nira ya Babeli na vyombo vya hekalu vitarudi. Akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia mbele ya watu wote, onyesho ambalo huenda lilipigiwa makofi. Akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Katika habari hii, nabii wa muda mfupi ndiye aliyekuwa mwongo.

Kwa hiyo kila ukipewa ahadi, iwe na mhubiri au na kalenda, ihoji kabla hujaishikia. Imesemwa kwa nani? Sara aliahidiwa mtoto majira kama yale mwaka ufuatao. Hayo yalikuwa ya Sara. “Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa” ilisemwa kwanza kwa Yoshua, lakini Waebrania 13:5 inaichukua na kuikabidhi kwa waamini wote, kwa hiyo ni yako. Ina sharti gani? Yakobo 1:5 inaahidi hekima kwa anayeiomba, haiahidi hekima kwa anayelipia. Ina tarehe? Isipokuwa na tarehe kwenye Maandiko, anayekupa tarehe ameiongeza yeye. Na je, imepita kwa Kristo? 2 Wakorintho 1:20 inasema ahadi zote za Mungu ni Ndiyo katika yeye, na Kristo huyohuyo ameahidi pia kwamba “ulimwenguni mnayo dhiki” (Yohana 16:33). Orodha ya ahadi isiyo na huo mstari ni pungufu.

Kuhusu laana: Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitimie, hilo silo neno alilolinena Bwana, na inamalizia kwa amri fupi: usimwogope. Hama kwa amani. Na kuhusu sadaka, 2 Wakorintho 8:12 inasema nia hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Pesa ya mkopo ni deni mpaka umalize kurejesha. Hukupaswa kuombwa, na hudaiwi nyingine ya “kukamilisha.”

Laki tano yenyewe inataka hesabu. Andika kwenye karatasi moja kiasi ulichochukua, ulicholipa, kilichobaki na riba ya kila wiki. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya siku ya rejesho, usingoje aje sokoni, umwombe marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi, na mkikubaliana mwandikiane, mkiwa na shahidi. Usikope kausha damu ya pili kulipa ya kwanza. Hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapopoteza hata meza. Kama uko kwenye VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, waulize viongozi wako masharti ya mfuko wa jamii. Vikundi vingine vinautoa kwa dharura bila riba au kwa riba ndogo. Na mwambie mkeo kiasi halisi leo, si nusu yake.

Kuimba bila kuhisi

SWALI: Niko kwaya ya usharika, Sanawari. Nikiimba kuhusu uaminifu wa Mungu sihisi chochote. Huo si unafiki?

JIBU: Unafiki ni kutaka watu waamini usichotaka kukiamini wewe mwenyewe. Baba wa yule mtoto mwenye pepo alisema kwa pumzi moja, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu” (Marko 9:24), na mtoto akaponywa. Imba, dada. Ila mwombe kiongozi akupumzishe kuongoza beti kwa muda, ukae katikati ya wenzako.

Aya nyingi, nguvu hakuna

SWALI: Mwanafunzi wa chuo, Usa River. Kila siku napokea aya ya ahadi kwenye makundi manne ya WhatsApp, na ukutani nimebandika nyingine ishirini. Nikipata matokeo mabaya au nyumbani wakikosa ada, hakuna hata moja inayonisaidia. Kosa liko wapi?

JIBU: Liko kwenye wingi. Aya ishirini ukutani macho yanazizoea ndani ya wiki moja, hayazioni tena. Zibandue zote. Chagua moja kwa wiki mbili, na ichague kwa yale maswali tuliyompa kaka wa Kilombero, usiangalie utamu wake.

Tafuta daftari la kurasa 48, la kawaida kabisa. Siku ya kwanza soma sura nzima yenye aya hiyo, pamoja na sura ya kabla na ya baada, halafu andika sentensi tatu kwa maneno yako: nani alikuwa anasema, kwa nani, wakati gani mgumu. Siku ya pili nakili aya kwa mkono. Siku ya tatu andika ahadi hiyo haisemi nini. Hii wanafunzi wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa. Ukichagua Wafilipi 4:13, “nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu,” andika: haisemi nitafaulu mtihani nisioujiandalia, mstari wa 12 unaongelea kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ukishajua ahadi haisemi nini, matokeo mabaya hayawezi kuivunja.

Kuanzia siku ya nne ifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa: ukisubiri hiace stendi, ukifua, kabla hujawasha data asubuhi. Iseme mara tatu kwa sauti ya chini, kisha iulize swali moja: kama hili ni kweli, leo nafanya nini? Jibu liwe tendo linaloweza kumalizika kabla ya usiku. Nitampigia mama nimwambie ukweli kuhusu ada. Nitamfuata mwalimu wa somo nililofeli. Andika tendo na tarehe. Ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari uache kwa ajili ya mambo yaliyokwisha kutendeka, madogo kwa makubwa, kila moja na tarehe yake. Siku mbaya usianze na ahadi. Anza na ukurasa huo. Zaburi 77 inakwenda njia hiyohiyo: kwanza inauliza kama ahadi za Mungu zimekoma, kisha katikati inageuka na kuanza kuyakumbuka matendo yake ya kale.

Makundi ya WhatsApp bakiza moja, lile ambalo watu wanajuana kwa sura.

Miaka tisa ya ndoa

SWALI: Tuko Marangu, hatujapata mtoto. Kila ibada tunaambiwa habari za Abrahamu na Sara. Tungoje hadi lini?

JIBU: Abrahamu alitoka Harani akiwa na miaka 75, Ishmaeli akazaliwa akiwa na 86, Isaka akiwa na 100. Miaka 25, na katikati yake wakajaribu kumsaidia Mungu kwa kumtumia Hajiri, msaada ulioumiza watu wanne. Ahadi ile ilihusu uzao ambao kwa huo mataifa yote yangebarikiwa; haikutolewa kwa kila ndoa isiyo na mtoto, na si haki kuwabebesha. Mlichoahidiwa ni kwamba hamtaachwa, mkipata mtoto au msipopata.

Kungoja huku hakukatazi hospitali. Kwa kawaida mwaka mmoja wa kujaribu bila mafanikio unatosha kuanza vipimo. Mke akiwa amepita miaka 35, miezi sita. Nendeni wawili. Kipimo cha mbegu za mume ni rahisi kuliko vipimo vya mke na kinapaswa kuwa miongoni mwa vya mwanzo, lakini huku kwetu kinaachwa mwisho kwa sababu ya aibu, mke akiwa ameshazungushwa miaka. Na ndugu wakianza kumshauri mume “atafute nje,” wasomewe Mwanzo 16 yote, na 21.

Wageni wanaosema imani yetu ni ndogo

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, Machame. Mke wangu ana saratani, anatibiwa hospitali ya KCMC. Wageni wanakuja na kusema tukiwa na imani atapona, na asipopona kuna kitu tumeficha. Mwenzangu analia usiku. Nifanye nini?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Pole sana kwako na kwa mama.

Aya wanayoitegemea huwa Yakobo 5:14 na 15. Waambie waisome taratibu. Mgonjwa anaambiwa jambo moja tu, awaite wazee wa kanisa. Wanaoomba na kumpaka mafuta ni wazee, na kule kuomba kwa imani kunakotajwa ni kwao. Kama imani imepungua mahali, basi waliokuja kuomba ndio waanze kuulizwa. Paulo, ambaye leso zake ziliponya watu Efeso, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Paulo mwenyewe aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa “Neema yangu yakutosha.” Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa ameficha kitu.

Mteue mtoto mmoja au jirani anayeheshimika awe ndiye anayepokea wageni mlangoni. Aseme mapema: mama anapumzika, mna dakika ishirini, hatuhitaji mahubiri, tusomeeni Zaburi 23 au 130 mwombe kwa ufupi. Anayetaka kusaidia zaidi apewe kazi yenye jina: kumpeleka mama kliniki siku ya miadi, kulala hapo usiku mmoja ili wewe upumzike, kumkatia ng'ombe majani. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno. Mabaya yalianza walipofungua midomo.

Kwa usiku anapolia, usimjibu kwa hoja. Mshike mkono, sema naye Zaburi 34:18, “Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo,” mara moja, kisha nyamaza. Maumivu yakiwa ndiyo yanayomliza, mweleze daktari kwenye miadi ijayo na mtaje saa yanapoanza. Dawa za maumivu ya saratani hupangwa kwa saa, hazingojewi mpaka uchungu upande.

Anasema bora asingekuwepo

SWALI: Mdogo wangu ni “mgumu,” yaani mpagazi anayebeba mizigo mlimani. Tangu Aprili kazi zilipopungua, hapati usingizi, hali vizuri, amejitenga, anasema Mungu amemchoka na bora asingekuwepo. Nyumbani wanataka apelekwe kwenye maombezi ya siku saba. Tuko Kiboriloni.

JIBU: Dada, hii usiingoje toleo lijalo, fanya leo. Kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kukata tamaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi ni dalili za ugonjwa wa sonona, na maneno hayo ya mwisho yanaufanya uwe dharura. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunamfungua. Asiachwe peke yake, usiku pia, na dawa za shambani na vitu vingine vya hatari viondolewe nyumbani. Mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC. Kwa walio Arusha, Mount Meru. Akiwa na mpango wa kujidhuru, nendeni mapokezi ya dharura saa yoyote. Kama hana, ulizeni kliniki ya afya ya akili.

Akipewa dawa, zitachukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani hazifanyi kazi. Asiziache ghafla bila daktari. Maombi yaendelee nyumbani, mafupi, yeye akiwa amekula. Yeyote atakayewaambia mtupe vidonge kuonyesha imani, msimsikilize, hata akiwa na cheo kanisani.

Musa aliomba afe (Hesabu 11:15), Elia vilevile, Yona vilevile. Hakuna aliyefukuzwa kazini na Mungu kwa kusema hivyo. Musa alipewa wazee sabini wa kumsaidia mzigo. Mwambie habari hiyo akiwa ametulia, kwa sentensi mbili, bila kumhubiria.

Barua ya kujiuzulu iko mfukoni

SWALI: Ni mwinjilisti wa mtaa, wilaya ya Meru. Miezi minane nahubiri ahadi ambazo mimi hazinigusi. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Niipeleke?

JIBU: Usiipeleke bado. Kanuni ya Inyasi hapa ni kali na tunaikubali: wakati wa ukavu wa roho mtu asibadilishe uamuzi aliouweka alipokuwa na nuru. Anayeshauri vizuri nyakati za faraja si huyuhuyu anayenong'ona nyakati hizi. Lakini kanuni hiyo ina mpaka. Kama sababu za kuacha zilikuwepo kabla hujapoa, labda hulipwi, labda kuna dhuluma, hizo zipelekwe kwa mchungaji wako kama hoja za kazi, zisifichwe ndani ya “moyo umepoa.”

Itie barua kwenye bahasha, andika juu tarehe ya miezi mitatu mbele, umpe mtu mmoja unayemwamini aitunze. Katika miezi hiyo hubiri kutoka Zaburi za malalamiko na Maombolezo, usijilazimishe kusimamia aya za shangwe. Utashangaa ni wangapi watakaobaki baada ya ibada kuongea nawe. Tafuta mwinjilisti mwenzako wa mtaa mwingine mkutane kila baada ya wiki mbili. Elia alilalamika amebaki peke yake na akaambiwa wako elfu saba wasiopiga goti kwa Baali, kisha akatumwa kwa Elisha mwana wa Shafati. Kukabidhi kazi kulikuwemo ndani ya agizo lile, kwa hiyo kuacha si dhambi. Ila agizo lilikuja akiwa ameshakula, ameshalala na ameshasema yote yaliyokuwa moyoni.

Kwanza omba likizo kwa maandishi, utaje tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na kabla hujapeleka ombi hilo uwe umeshakubaliana na mzee wa kanisa atakayeshika ibada ya Jumapili ya kwanza.